UZI: Diski imejaa kwenye Linux? Usifute kitu kabla hujajua folda iko kwenye diski gani

FundiWaLangoni

Assalam aleikum wanajamvi, na salamu kwa wote mlioko Amu, Shela, Mokowe hadi Malindi.

Nafungua uzi huu kwa jambo linaloniuma kila linapojirudia. Mtu anaambiwa na kompyuta kwamba nafasi imekwisha, naye anaanza kufuta. Hajauliza ni diski gani iliyojaa, wala imejazwa na nini. Anafuta kilicho kikubwa, na kikubwa siku zote ni video. Video za watu wa huku ni harusi, ni Maulidi, ni wazee wakisimulia. Hazirekodiwi mara ya pili.

Kisa cha karibuni ni cha studio moja hapa mjini. Kompyuta yao ina Ubuntu (aina ya Linux), SSD ya GB 240 ndani, na diski ya nje ya TB 2 kwa ajili ya bakapu. Asubuhi moja ikawa inakubali neno la siri, halafu inamrudisha mtu palepale pa kuingilia. Hiyo ni dalili ya kawaida ya mzizi (`/`, yaani diski ya mfumo) uliojaa: mfumo unataka kuandika vijifaili vyake vya kuanzia kazi na hauna pa kuviandika. Vijana wakaingia kwa skrini ya maandishi (Ctrl+Alt+F3) wakaanza kufuta kazi za zamani. Kwenye foleni ya kufutwa mlikuwamo rekodi ya bibi mmoja akiimba vugo, na bibi huyo ameshatangulia mbele ya haki. Nilifika kabla zamu yake haijafika, alhamdulillahi.

Nilipiga amri mbili tu kabla ya kugusa chochote:

`df -hT`
`lsblk -f`

Ya kwanza inaonyesha kila mfumo wa faili uliomauntiwa (yaani uliounganishwa na folda ili utumike), ukubwa wake, uliotumika, na umemauntiwa wapi. Ya pili inaonyesha diski na patisheni (vipande vya diski) zote zilizochomekwa, hata ambazo hazijamauntiwa. Majibu yakawa hivi: SSD imejaa asilimia 100, na ile diski ya TB 2 karibu yote ni tupu, imemauntiwa kwenye `/media/studio/HARUSI1`.

Angalieni hiyo 1 ya mwisho. Diski inaitwa HARUSI. Kwa nini imeenda HARUSI1?

Kwa sababu skripti yao ya bakapu ilikuwa inaanza mara tu kompyuta inapowaka, kabla mtu hajaingia. Kwenye Ubuntu ya mezani, diski ya nje humauntiwa mtu akishaingia. Umeme ulikatika, ukarudi, kompyuta ikawaka, skripti ikatafuta `/media/studio/HARUSI`, haikuikuta, na rsync (programu ya kunakili faili) ikaiunda yenyewe. Folda ya kawaida kabisa, juu ya SSD. Kijana alipoingia, mfumo ukataka kumaunti diski, ukakuta jina limeshachukuliwa, ukaongeza 1. Tangu hapo bakapu zote zikawa zinaingia SSD, yaani kompyuta inanakili video zake juu ya diski ileile hadi ikajaa.

Kiini cha mambo ni hiki. Linux haina C: wala D:. Ina mti mmoja unaoanzia `/`, na diski huletwa kwenye folda fulani ndani ya mti huo. Folda ni gati, diski ni jahazi. Gati lipo hata jahazi halijatia nanga, na mpagazi asiyetazama ataushusha mzigo palepale kwenye saruji. Kompyuta haitalalamika. Kwake folda ni folda.

Kwa hiyo swali la kwanza si "nifute nini?" Ni "folda hii iko kwenye diski gani?" Jibu lake ni amri moja:

`findmnt -T /media/studio/HARUSI`

Ikikujibu `/`, basi unaandika kwenye diski ya mfumo, hata jina la folda liwe gani.

Ukishajua diski iliyojaa, tafuta kilichoijaza:

`sudo du -xhd1 / | sort -h`

Hiyo `x` msiiache. Inaiambia du isivuke kwenda diski nyingine. Bila hiyo itahesabu pamoja na diski za nje na utapata jumla isiyo na maana. Ukipata folda kubwa, ingia ndani yake na urudie. Aliye na nafasi kidogo ya kusakinisha programu atumie `ncdu -x /`, inakuonyesha yote kwa mpangilio na unatembea kwa mishale.

Studio tuliwahamishia video kwenye diski ya kweli, tukahakiki, ndipo tukafuta za SSD. Hakuna kilichopotea zaidi ya walivyokuwa wameshafuta wenyewe, na hivyo vilikuwa bado kwenye kadi za kamera.

Mwenye swali aulize hapahapa. Aweke majibu ya `df -hT` na `lsblk -f`, tusibahatishe.

---

PichaZaAmu

Wa aleikum salaam fundi. Mungu akulipe, mimi pia ni mtu wa harusi. Nina maswali mawili. Diski yangu ya nje imeandikwa TB 2 kwenye boksi lakini lsblk inasema 1.8T. Nimeibiwa? Pili, df inasema imejaa asilimia 100, ila nikijumlisha iliyotumika sipati ukubwa wa diski. Kuna kama GB 90 na ushei hazionekani popote. Nimeipangia mfumo wa faili wa ext4.

---

FundiWaLangoni

Hukuibiwa kaka. Kiwanda kinahesabu TB kwa elfu elfu: TB 2 ni baiti trilioni 2. lsblk na `df -h` zinagawanya kwa 1024 kila hatua. Baiti trilioni 2 ukizigawa hivyo unapata kama 1863G, ndiyo hiyo 1.8T.

Hizo GB 90 na kitu ni hesabu nyingine. Unapopanga ext4, asilimia 5 ya nafasi hutengwa kwa mtumiaji mkuu (root). Kwenye diski ya mfumo ni busara, maana watu wa kawaida wakiijaza, mfumo bado unabaki na pa kuandikia logi zake na wewe unaweza kuingia kurekebisha. Kwenye diski ya kuwekea video tu haina kazi. Ipunguze:

`sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1`

Hakikisha kwanza kwa `lsblk -f` kwamba sdb1 ndiyo yenyewe. Video hazitaguswa, na nafasi utaiona papo hapo. Diski ya mfumo iache na asilimia 5 zake.

---

BintiShela

Shikamoo fundi. Mimi nashika kompyuta ya ofisi ya wageni huku Shela, ni seva ndogo ya Debian. `df` inasema `/` imetumika GB 110 kati ya 110. Nimepiga ile du yako yenye x, inasema GB 38 tu. Hizo nyingine ziko wapi? Kuna diski ya pili imemauntiwa `/hifadhi`, hiyo ina nafasi tele.

---

FundiWaLangoni

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali zuri sana, na umeuliza kabla ya kufuta, nimefurahi.

df na du hazihesabu kitu kimoja. df inauuliza mfumo wa faili wenyewe una nafasi kiasi gani. du inatembea folda hadi folda ikihesabu inachokiona. Zikitofautiana hivyo, kuna kitu kinachokula nafasi bila kuonekana, na sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza: faili limefutwa lakini programu bado imelishikilia. Kwenye Linux ukifuta faili unaondoa jina lake, na nafasi hairudi mpaka programu ya mwisho inayolitumia ilifunge. Mtu anaona logi kubwa, anaifuta kwa `rm`, seva ya wavuti inaendelea kuiandikia. Angalia:

`sudo lsof +L1`

Ukiona faili kubwa kwenye orodha, soma ni programu gani, kisha izime na kuiwasha programu hiyo. Si lazima uzime mashine.

Ya pili ni ndugu wa kisa cha studio. Kama kuna siku `/hifadhi` haikuwa imemauntiwa na bakapu ikaendelea, faili ziliingia kwenye folda tupu juu ya `/`. Diski ilipomauntiwa baadaye ikazifunika. Zipo, zinakula nafasi, na du haizioni kwa sababu diski imekaa juu yake. Huna haja ya kuishusha diski (kuiondoa kwenye folda lake) ili uzione:

`sudo mkdir /mnt/chini`
`sudo mount --bind / /mnt/chini`
`sudo du -sh /mnt/chini/hifadhi`

Njia hiyo inakuonyesha mzizi wenyewe tu, bila diski zilizomauntiwa juu yake. Tuletee majibu.

---

BintiShela

Subhanallah. lsof haina kitu kikubwa, ila `/mnt/chini/hifadhi` ina GB 71! Ni bakapu za picha za nyumba na vitabu vya hesabu. Nizifute?

---

FundiWaLangoni

Usizifute bado. Huenda zimo ambazo hazipo kwenye diski ya juu. Ziunganishe kwanza:

`sudo rsync -a --ignore-existing /mnt/chini/hifadhi/ /hifadhi/`

Inaleta zile tu zisizokuwapo. Kama kuna faili la jina moja lenye yaliyomo tofauti, hasa vitabu vya hesabu, linganisha kwa `diff -rq /mnt/chini/hifadhi /hifadhi` na uamue kwa macho yako. Ukiridhika, futa vilivyomo ndani ya `/mnt/chini/hifadhi`, andika njia hiyo kamili na uisome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, halafu `sudo umount /mnt/chini`.

Kisha zuia lisirudi. Siku diski imeshushwa, lifunge lile folda tupu:

`sudo chattr +i /hifadhi`

Hapo hata mtumiaji mkuu hawezi kuunda faili ndani yake, lakini kumaunti diski juu yake kunaendelea kama kawaida. Na ndani ya skripti:

`mountpoint -q /hifadhi && rsync -a /data/ /hifadhi/data/`

Diski ikiwa haipo, rsync haianzi.

---

JahaziLaMalindi

Salamu kutoka Malindi. Niongeze kwa wanaopenda kuweka `--delete` kwenye rsync: iangalieni kama moto. Kama chanzo ndicho kisichomauntiwa, rsync inaona folda tupu na inafuta bakapu nzima ili ilingane nayo. Haihesabu kuwa ni hitilafu. `mountpoint` ipigwe pande zote mbili.

Na mimi nashauri watu waache habari ya patisheni za kizamani, watumie LVM (njia ya kuunganisha diski kadhaa kuwa kundi moja la nafasi). Unaongeza diski, unaiingiza kwenye kundi, unapanua. Kazi imekwisha.

---

FundiWaLangoni

La --delete nakuunga mkono kwa mikono miwili, kaka.

La LVM tutatofautiana. Ndani ya seva yenye diski zilizofungwa vizuri, sawa. Lakini nimeona mtu ameunganisha diski mbili za USB kuwa moja kubwa kwa LVM, na waya mmoja ukalegea. Mfumo wa faili umetandazwa juu ya zote mbili, kwa hiyo moja ikifa, umepoteza zote. Huku kwetu hewa ya bahari ina chumvi, matundu ya USB yanaota kutu, na umeme unakatika. Kwa diski za nje nasema kila moja ijitegemee.

---

JahaziLaMalindi

Kwa USB nakubali, sikuwa nimezifikiria hizo. Ila kuna jambo moja la LVM ambalo watu wa seva wanapaswa kulijua, maana nimekutana nalo zaidi ya mahali pamoja. Kisakinishi cha Ubuntu Server ukichagua LVM hakikupi diski nzima. Diski ikizidi GB 200, kinaupa mzizi GB 100 tu na nyingine kinaziacha bila kugawiwa. Mtu ana SSD ya GB 500 na analia imejaa. Aangalie:

`sudo vgs`

Safu ya VFree ikiwa na nafasi, hiyo ni yake, haijatumika. Aipanue huku mashine ikiendelea kufanya kazi:

`sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Ile `-r` inapanua na mfumo wa faili pia. Wengi wanaisahau, wanaona df haijabadilika, wanadhani amri imeshindwa. Na tahadhari: kupanua ni rahisi, kupunguza si rahisi. ext4 inapunguzwa ikiwa imeshushwa tu, XFS haipunguzwi kabisa. Usimalize VFree yote kama bado hujajua utaihitaji wapi.

---

PichaZaAmu

Hii ya ubuntu-lv imemwokoa ndugu yangu leo. Alikuwa amekwisha agiza diski nyingine kutoka Mombasa.

---

MwalimuWaMokowe

Jamani nisaidieni mimi. Maabara ya shule, kompyuta moja ilikuwa na diski ya nje niliyoiandika kwenye `/etc/fstab` ili ijimaunti yenyewe. Diski imeazimwa na idara nyingine. Sasa kompyuta haiwaki, inakaa kama dakika moja na nusu, kisha inaingia skrini nyeusi ya dharura. Wanafunzi wana mtihani wa kompyuta.

---

FundiWaLangoni

Mwalimu pole, mashine yako ni nzima. Mfumo unaona fstab inadai diski, unaisubiri sekunde 90, haiji, unakataa kuendelea kwa sababu haujui kama ni muhimu.

Kwenye hiyo skrini andika neno la siri la mtumiaji mkuu, au bonyeza Enter ikikuruhusu. Kisha:

`mount -o remount,rw /`
`nano /etc/fstab`

Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari wa diski hiyo, hifadhi, andika `reboot`. Mtihani uendelee.

Baadaye ukitulia, mstari uwe wa namna hii:

`UUID=namba-ya-diski  /hifadhi  ext4  defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s  0  2`

Tumia UUID (namba ya kipekee ya patisheni) unayoipata kwa `lsblk -f`, usiandike `/dev/sdb1`. Herufi hizo hupangwa upya kompyuta inapowaka, leo ni sdb, kesho umechomeka fleshi kwanza na imekuwa sdc. `nofail` ndiyo inayosema diski isipokuwapo tuendelee. Tarakimu mbili za mwisho: 0 ni ya programu ya zamani ya dump, 2 ni zamu ya kukaguliwa baada ya mzizi.

Na kila ukigusa fstab, kabla ya kuzima:

`sudo findmnt --verify`
`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo mount -a`

Zisipolalamika, ndipo uzime.

---

MwalimuWaMokowe

Imewaka! Allah akubariki. Nimeweka nofail kwenye mashine zote.

Swali dogo: fleshi na diski za wanafunzi wanaotoka kwenye Windows, nyingine zinakubali kusomwa tu, haziandikiki.

---

JahaziLaMalindi

Mwalimu, kama ni NTFS (mfumo wa faili wa Windows), mara nyingi Windows haikuzimwa kikamilifu. Ina mtindo wa kujizima nusu ili iwake haraka, na inaiacha diski na alama kwamba bado inatumika. Linux ikiona alama hiyo inakataa kuandika, na inafanya vyema. Rudisha kwenye Windows, chagua kuizima na kuiwasha upya badala ya kuizima tu, kisha itoe kwa utaratibu.

Za FAT32 (mfumo wa faili wa zamani wa fleshi) zinaandikika ila hazibebi faili moja linalofikia GB 4, ndiyo maana video ndefu zinakwama. exFAT haina kikomo hicho kidogo na kerneli (kiini cha Linux) inaisoma yenyewe tangu toleo la 5.4 la 2019. Lakini exFAT haina jarida la kujirekebisha, ukiichomoa katikati ya kuandika unaweza kuiharibu. `sync`, kisha `umount`, kisha mkono. Ikisema iko kazini, `sudo fuser -vm /media/...` itakuonyesha nani ameishika. Mara nyingi ni teminali yako mwenyewe uliyoiacha ndani ya folda hiyo.

---

BintiShela

Kwa wanaotaka nafasi ya haraka bila kugusa faili za watu, mimi hizi zimenipa GB kadhaa kwenye Debian: `sudo apt clean`, `sudo apt autoremove --purge`, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`.

Ila fundi, ipo seva ya rafiki yangu inakataa kuunda faili na df inaonyesha nusu nzima ni tupu. lsof haina kitu.

---

FundiWaLangoni

Apige `df -i`. Kila faili linahitaji inodi moja (rekodi ndogo ya taarifa zake), na ext4 hupanga idadi yake siku ya kuipanga patisheni. Vijifaili vidogo vikiwa mamilioni, inodi zinaisha kabla ya nafasi. Atafute folda lenye vijifaili vingi, si vikubwa: `sudo du --inodes -xd1 / | sort -n`. Mara nyingi ni foleni ya barua pepe au vipande vya muda vya tovuti.

Na hizo amri zako tatu ni nzuri, hazigusi kazi ya mtu. Nawaomba tu msiingie `/boot` au `/var/lib` kufuta kwa mkono. autoremove inajua kerneli ipi ni ya zamani, rm haijui.

---

PichaZaAmu

Fundi, uzi huu umenifanya nikague diski zangu zote na moja inanitisha. Ni ya TB 1, ina harusi na ziara za Maulidi za miaka mingi. Nikinakili kutoka kwake, inasita, na `dmesg` (ujumbe wa kerneli) imejaa mistari ya hitilafu za kusoma kwenye sdb. Jana ilijigeuza yenyewe kuwa ya kusomwa tu. Nipige fsck, ile amri ya kukagua na kurekebisha?

---

FundiWaLangoni

Usipige fsck! fsck hurekebisha mfumo wa faili kwa kuandika, na wewe una diski inayokufa. Kila unapoiandikia au kuitafutatafuta unaipunguzia muda. Huko kujigeuza kuwa ya kusomwa tu, mfumo umeona hitilafu ukaacha kuandika ili usiharibu zaidi.

Ishushe sasa hivi: `sudo umount /dev/sdb1`. Usiimaunti tena. Kama kisanduku chake cha USB kinaruhusu, `sudo smartctl -a /dev/sdb` itakuonyesha mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Zikiwa si sifuri na zinapanda, ndiyo yenyewe. Jaribu pia waya mwingine, maana waya mbovu nao unatoa dalili zinazofanana na hizo.

Kisha tunainakili nzima, baiti kwa baiti, kwenda diski kubwa yenye afya. Kifurushi kwenye Ubuntu kinaitwa gddrescue:

`sudo ddrescue -n /dev/sdb /mnt/kubwa/harusi.img /mnt/kubwa/harusi.map`
`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/kubwa/harusi.img /mnt/kubwa/harusi.map`

Ya kwanza inachukua kinachosomeka kwa urahisi na kuruka pagumu, ya pili inarudi pagumu mara tatu. Faili la map linakumbuka ilipofika, hivyo umeme ukikatika unapiga amri ileile na inaendelea. Matengenezo yote, fsck ikiwemo, tutayafanya juu ya nakala ya hiyo img. Diski yenyewe hatuigusi tena.

Na kabla ya kuanza, `findmnt -T /mnt/kubwa`, uhakikishe ni diski kubwa kweli.

Tafuta ya TB 2, ipangwe ext4, uje nayo dukani baada ya Alasiri pamoja na hiyo mbovu. UPS ninayo, tutaiacha ifanye kazi usiku kucha.

---

PichaZaAmu

Nimeishusha. Ya TB 2 nimeipata kwa rafiki, tupu. Nakuja.